Maswali ya Wasomaji: Mashimo, Mitaro na Taa za Mtaani

Masika ikikaribia, barua zinazofika kwenye ukurasa huu hubadilika. Mwezi huu karibu zote zinahusu barabara, mitaro, taa na masoko ya mtaani, na nyingi zimetoka Dar es Salaam. Tumechagua sita.

Barabara yetu ya lami hapa Tabata ina shimo mbele ya kituo cha daladala. Kila mwaka wanakuja wanaliziba, na kila baada ya masika linarudi palepale, tena kubwa kuliko lilivyokuwa. Je, lami wanayotumia ni mbovu? Na tumwone nani? — Msomaji, Tabata

Huenda lami haina kosa. Shimo linalorudi palepale kila mwaka lina maji chini yake, na kabla hamjalalamikia lami, tafuteni maji hayo yanatoka wapi.

Lami mnayoiona ni ngozi tu. Katika mitaa mingi unene wake ni sentimita 5 au pungufu. Mzigo wa gari unabebwa na tabaka za chini, ambazo ni kokoto iliyosagwa au kifusi kilichochanganywa na saruji. Zikiwa kavu hubeba lori bila kutikisika. Zikilowa, kila tairi linalopita huyakamua maji kwa nguvu, nayo hutoka kupitia nyufa yakiwa yamebeba unga laini unaoshikanisha kokoto. Ukiona ufa uliozungukwa na tope jeupe, ujue chini kumeanza kubaki pango. Kituoni hali ni mbaya zaidi kwa sababu daladala linasimama, linakata kona na kuondoka kwa nguvu juu ya sehemu ileile.

Kwa hiyo angalieni mambo matatu. Kwanza, je, shimo lina maji hata kiangazi, wakati hakuna mvua? Hapo huenda kuna bomba linalovuja, na wa kuitwa kwanza ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Kuziba juu ya bomba linalovuja ni kutupa fedha. Pili, je, mchanga wa pembeni umepanda juu kuliko lami? Barabara ya upana wa mita 6 hujengwa ikiwa na mgongo katikati, na ukingo wake huwa chini kwa sentimita 7 hivi ili maji yakimbilie pembeni. Mchanga ukirundikana ukingoni, maji hugoma kutoka na kubaki juu ya lami. Dawa yake ni jembe na koleo. Tatu, je, mtaro wa karibu unapitisha maji, au umeziba na kulowesha msingi wa barabara kwa chini?

Baada ya hapo ndipo uzibaji una maana, na unavyofanywa mnaweza kuusimamia kwa macho. Shimo linachorwa mstatili, mistari ikipita sentimita 10 nje ya sehemu iliyooza. Linakatwa kwa mashine ili kuta zisimame wima, kisha linachimbwa hadi kwenye tabaka ngumu na kavu. Hata kama ni kuchimba sentimita 30, zichimbwe. Chini panajazwa kokoto au kifusi kizuri kwa tabaka za sentimita 10, kila moja ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Halafu sakafu na kuta zinapakwa lami ya maji, nusu lita kwa mita moja ya mraba inatosha, na mafundi wasubiri hadi rangi igeuke kutoka kahawia kuwa nyeusi. Wakimwaga lami ya moto kabla rangi haijageuka, kiraka hakitashika.

Lami ya moto inapaswa kufika ikiwa na joto la nyuzi 140 au zaidi, lori likiwa limefunikwa turubai. Ikishuka chini ya 90 haishindiliki tena, hata ikipitiwa na mashine gani. Foleni za jiji hili zimeharibu viraka vingi kwa njia hiyo. Ili mpate sentimita 5 zilizoshindiliwa, inamwagwa kama sentimita 6 na robo. Shimo la mita 1 kwa mita 1 linakula kilo 120 hivi, kwa hiyo mkiona mashimo kumi makubwa yamezibwa kwa toroli mbili, hesabu haipo. Kushindilia kunaanzia kingoni kwenda katikati. Kumwaga kwa koleo na kuliachia daladala kazi ya kushindilia ndiko kunakowarudisha mafundi mwaka unaofuata.

Wa kumwona: barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Mandela, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani, tangu Julai 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Wengi bado hupeleka malalamiko ya barabara halmashauri, ambako barua hukaa. Andikeni kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa mtaa na diwani. Wekeni jina la barabara, alama ya jirani, urefu na upana wa shimo, na picha mbili, moja ya mvua na moja ya kiangazi. Picha ya kiangazi ndiyo inayomwonyesha mhandisi kama tatizo ni bomba. Na msiombe kama mnaomba msaada: tangu Julai 2021 kila lita ya mafuta ya gari ina nyongeza ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Mnalipa kila mnapopanda daladala.

Mtaa wetu wa Mbagala ulijengewa mtaro mzuri wa zege miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza tulilala salama. Sasa maji yanaingia ndani kama zamani. Tuombe mtaro mkubwa zaidi? — Msomaji, Mbagala

Kabla ya kuomba mkubwa, pimeni uliopo una mchanga kiasi gani.

Hesabu yake ni hii. Chukueni eneo la hekta 2 lenye nyumba zilizobanana, ambako sehemu 8 kati ya 10 za mvua hazipati udongo wa kupenya. Mvua ikimwaga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kwa dakika chache tu, eneo hilo linatoa takribani lita 440 kwa sekunde. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60, unaoshuka nusu mita kila mita 100, ukiwa safi unapitisha lita 580 hivi kwa sekunde. Unatosha na kubaki. Mchanga ukijaa hadi nusu, wengi wanadhani utapitisha nusu yake. Sivyo. Unapitisha kama 240, kwa sababu njia imepungua na papo hapo maji yaliyobaki yanasuguana zaidi na kuta na kupunguza kasi. Lita 200 kila sekunde zinabaki kutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni mlango wenu.

Mchanga wa Mbagala unatoka kwenye miteremko isiyo na majani na kwenye viwanja vinavyojengwa, na hautaisha kwa kuzibua mara moja. Mtaro wa namna hii uzibuliwe mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Muhimu zaidi, mchanga usiachwe kwenye ukingo. Tunaona kila mwaka marundo yakiachwa pembeni "yakauke", halafu mvua ya kwanza inayarudisha yote. Yakae siku mbili yachuje maji, kisha yabebwe. Mkandarasi wa kuzibua alipwe kwa mchanga uliofika dampo. Akilipwa kwa mita za mtaro, hana sababu ya kuubeba.

Jengeni pia chemba ya kunasa mchanga pale mtaro wa juu unapoingia kwenye wenu: shimo la zege la mita 1 na nusu kwa mita 1, lenye kina cha nusu mita chini ya sakafu ya mtaro. Kuzibua chemba moja kila wiki mbili wakati wa mvua ni kazi ya watu wawili kwa asubuhi moja. Kuzibua mita 300 ni kazi nyingine kabisa.

Kuhusu mifuniko. Mfuniko wa urefu wa sentimita 80, upana 40 na unene 10 una uzito wa kilo 77 hivi, na watu wawili wanaunyanyua. Ukitengenezwa mkubwa kuliko huo hakuna atakayeunyanyua, na mtaro usiofunguliwa haujulikani umejaa. Huo ni wa kupitia watu tu. Penye kupita gari unene uanzie sentimita 15, nondo za milimita 12 zikipangwa kila sentimita 15. Nondo hukaa upande wa chini, kwa sababu chini ndipo zege linapovutwa hadi kupasuka. Mafundi wakishazibua hurudisha mfuniko kichwa chini, nondo zikawa juu, na gari la kwanza linaukata. Andikeni neno JUU kwenye zege kabla halijakauka. Mifuniko ya chuma tunawashauri muiache, maana huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo lililobaki wazi usiku limeumiza watu.

Kama baada ya kuzibua bado mnafurika, pimeni mteremko. Mtaro uleule ukishuka sentimita 10 tu kwa mita 100 unapitisha lita 260 ukiwa safi kabisa, na maji hutembea polepole kiasi kwamba mchanga unatua wenyewe. Hapo ndipo mnapohitaji mtaro mwingine, au sakafu ijengwe upya. Angalieni makalvati pia. Bomba la sentimita 60 chini ya barabara ni gumu kusafisha, mtu haingii. La sentimita 90 anaingia. Wanaokaa Mikocheni na Msasani wana jambo la ziada: wakati wa bamvua bahari hupanda juu ya mdomo wa mtaro, na mvua ikikutana na maji kujaa hakuna mtaro utakaoshuka hadi maji yapwe. Kwao dawa ni mlango wa mdomoni unaofungwa na bahari na kufunguliwa na maji ya mtaro, pamoja na nafasi ya kutunza maji kwa saa chache.

Tatizo hilohilo la mchanga, kwa ukubwa wa jiji, ndilo linalofunga barabara eneo la Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unabeba mchanga wa mabondeni na kuutua pale unapokaribia bahari. Kina kikipungua maji hupita juu ya Barabara ya Morogoro. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umepanga kuinua daraja na kuchimba mto, lakini kama miteremko ya juu haitazuiwa kumomonyoka, uchimbaji utakuwa wa kurudiwa.

Na tunawasihi, kutapisha vyoo kwenye mtaro wakati wa mvua kuachwe. Maji hayo ndiyo yanayoingia chumbani kwa jirani wa chini, nayo hubeba kipindupindu.

Tunataka kujenga tuta mbele ya shule, bodaboda wanatutisha. Tutumie zege? — Msomaji, Morogoro

Msijenge wenyewe, ombeni TARURA, na waelezeni mnachotaka: tuta la duara, urefu wa mita 4 kufuata barabara na kimo cha sentimita 10 katikati. Hilo linapunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa bila kuvunja gari. Tuta jembamba la zege la sentimita 30 linaharibu shokamzoba za gari la wagonjwa, na bodaboda hulikwepa pembeni. Liwe na alama kabla yake na michirizi ya rangi, maana tuta lisiloonekana usiku linaua mwendesha pikipiki. Na waache nafasi ya sentimita 20 kila ukingo ili maji yapite. Tuta lililoziba hadi ukingoni ni bwawa, na shimo litachimbika nyuma yake msimu uleule.

Wakazi tumechanga tutandike pevingi kwenye barabara yetu ya vumbi, urefu mita 120, upana mita 4. Tununue vitofali vingapi, na tuepuke nini? — Msomaji, Kimara

Eneo ni mita za mraba 480. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita moja ya mraba, yaani 24,000. Ongezeni 5 kwa mia ya kuvunjika na kukatwa, jumla 25,200. Magari yanapita, kwa hiyo unene uwe sentimita 8. Vya sentimita 6 ni vya njia ya miguu, na wauzaji huvisukuma kwa sababu bei inavutia. Mchanga wa kulalia, sentimita 3, ni mita za ujazo 14.4. Nunueni 18, kwani hushuka ukishindiliwa. Msisahau mchanga laini mkavu wa kujaza mianya.

Kosa kubwa tunaloliona ni kutandika juu ya barabara ilivyo. Kitofali, mchanga na tabaka la kifusi la sentimita 15 vinafika sentimita 26. Mkivipandisha juu ya ardhi ya sasa, barabara inakuwa juu ya vizingiti vya milango, na mvua ya kwanza inaingia majumbani. Chimbeni chini sentimita hizo 26, shindilieni udongo wa asili, kisha kifusi, na hakikisheni barabara iliyokamilika iko chini ya kizingiti cha nyumba ya chini kuliko zote. Ina maana kumpata mpimaji kwa nusu siku. Gharama yake ni ndogo kuliko kung'oa.

Kabla ya kifusi, mwiteni DAWASA na kila jirani anayetaka kuvuta maji avute sasa. Kila mita 20 lazeni bomba tupu la inchi 4 kukatiza barabara, kina cha sentimita 60, lizibwe ncha na liwekewe alama ukutani. Bila hivyo, miezi sita baadaye mtu atang'oa vitofali avute maji, atavirudisha kwa mkono bila kushindilia, na bonde litabaki hapo.

Kingo za zege zijengwe kwanza pande zote mbili. Pevingi hushikana kwa kubanana. Ukingo ukilegea, mianya inafunguka, mchanga unakimbia na vitofali vinaanza kucheza. Penye magari vipangwe kwa mtindo wa mfupa wa samaki. Mistari iliyonyooka husukumwa na breki hadi ikapinda. Mashine ya kushindilia ipite mara mbili, mianya ijazwe mchanga, ipite tena. Isikaribie chini ya mita 1 kwenye ncha ambayo haijamalizika.

Kuhusu ubora, kugonganisha vitofali viwili na kusikiliza mlio si kipimo cha kutosha kwa fedha za michango. Chagueni wenyewe 10 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, mvipeleke maabara ya vifaa vya ujenzi vikavunjwe kwa mashine. Kwa barabara ya magari takeni uimara wa megapaskali 45. Na muwe na kibali cha TARURA mkononi kabla ya kuchimba, barabara ni yao hata mkiijenga nyinyi.

Taa za sola za mtaani kwetu Kigamboni ziliwaka usiku kucha mwaka wa kwanza. Sasa zinazima saa nne usiku. Fundi anasema tununue taa mpya. — Msomaji, Kigamboni

Taa yenyewe ni nadra kuharibika kwa mtindo huo. Inayozima mapema kila siku ina njaa: ama haili vya kutosha mchana, ama tumbo limepungua.

Anzeni na paneli. Ifuteni vumbi na kinyesi cha ndege, angalieni kama mwembe wa jirani umeota hadi kuitia kivuli. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuua paneli nzima kwa saa kadhaa. Ikiwa imelazwa bapa, iinueni nyuzi 10 hadi 15 ikitazama kaskazini ili mvua iioshe. Subirini siku tatu za jua. Hakuna mabadiliko? Ni betri.

Taa ya wati 40 ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 480. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina 1,200, ila ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku inakufa haraka, kwa hiyo kwa kweli ina 600. Joto likiimaliza kidogo, mwaka wa pili haitoshi. Badilisheni betri pekee, na mkiweza nunueni ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ampia-saa 100, inayobeba usiku mmoja na wa pili wenye mawingu. Paneli iwe na wati 150 au zaidi. Halafu kipangieni saa kidhibiti, kile kifaa kinachowasha na kuzima taa: mwanga wote hadi saa 5 usiku, kisha nusu hadi asubuhi. Matumizi yanashuka kutoka 480 hadi 340, na mtaa haukai gizani hata dakika moja. Sanduku la betri likae juu nguzoni chini ya kivuli cha paneli, si chini kwenye mafuriko na wezi.

Soko letu jipya lina sakafu inayoteleza, linanuka upande wa samaki na maji ya bomba hayatoshi. Uongozi unasema ni uchafu wa wafanyabiashara. — Msomaji, Temeke

Sehemu kubwa ni ya mjenzi. Sakafu ya soko lazima ishuke kuelekea mfereji, sentimita 4 kwa kila mita 2. Mwageni ndoo ya maji: yakisimama kwa dakika kadhaa, mteremko haupo, na hakuna ufagio utakaousaidia. Panaweza kurekebishwa kwa kupandisha tabaka jipya la zege lililopigwa brashi lisiteleze, lakini kwanza la zamani likwanguliwe, la sivyo jipya litabanduka kama ganda.

Harufu ya samaki hutokana na mfereji wenye sakafu bapa, ambamo magamba na damu hubaki kila maji yanapokuwa machache. Sakafu ya mfereji ijengwe nusu duara, ili hata maji kidogo yakimbie. Kabla ya kuingia bomba la majitaka pawe na kikapu cha chuma cha kunasa magamba, na bomba lenyewe liwe na kiwiko kinachobaki na maji kuzuia hewa chafu kurudi. Kikapu kimwagwe kila jioni. Kikijaa, maji yatarudi mezani kwa wauza samaki, kwa hiyo ufunguo wa chemba akae nao mtu wa soko, si ofisi inayofungwa saa 9 alasiri.

Kwa maji, tazameni juu. Paa la mita za mraba 1,000 hapa jijini, kwa mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, hata mkipoteza moja ya tano, linatoa lita 880,000. Mbunifu Beda Amuli alilifikiria hilo katika soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa 1975: mapaa yake kama miavuli iliyogeuzwa yanakusanya mvua. Maji hayo si ya kunywa, ni ya kuoshea sakafu na vyoo, na kila lita ya mvua inayooshea sakafu inaiachia lita ya bomba meza za chakula. Wekeni kifaa cha kumwaga maji ya kwanza yanayoosha paa, lita 500 hivi kwa paa la ukubwa huo, tangi lifunikwe wavu wa mbu, na mabomba yake yapakwe rangi tofauti na ya DAWASA ili fundi ajaye asiyaunganishe kimakosa.